Mgowe Usio na Majembe

Mama yangu alikuwa na ugomvi na vumbi. Kabla jua halijapata nguvu ya kukausha umande, uwanja wetu ulikuwa umeshafagiliwa, na alama za ufagio zimepangana vizuri hata ukaona vibaya kuzikanyaga. Tuliishi nje kidogo ya Makambako, upande wa barabara iendayo Njombe, mahali ambapo upepo haupumziki. Kila alichofagia asubuhi upepo ulirudisha jioni, naye alifagia tena, akiusema upepo kama mtu anavyomsema mkwe mvivu.

Nalieleza hili mapema kwa sababu nachoka kuwasikia vijana wa leo wakisema taka zilikuja na mifuko ya plastiki, na kwamba zamani, enzi za Mwingereza, watu hawakutupa ovyo. Walitupa. Na waliotupa vibaya kuliko wote, nathubutu kusema, walikuwa watu wasafi kama mama yangu.

Kwetu kufagia hakukuishia uwanjani. Majivu, maganda ya viazi, mabua, mavi ya kuku na ya mbuzi, vyote vilikusanywa kwenye kapu chakavu vikabebwa kichwani hadi kinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, mahali penye maji ya chini kwa chini, tunapolima matuta wakati wa kiangazi huku mashamba ya juu yamekauka. Kila nyumba ilikuwa na chake, vimepakana kando ya kijito kimoja. Hatukuwa na jalala. Jalala la nini? Kilichotoka nyumbani kilikwenda bondeni kikaoza, na mwaka uliofuata kilirudi nyumbani kikiwa njegere, maboga na viazi. Bwana afya wa bomani alipopita kukagua, akauliza shimo letu la taka liko wapi, na mama akamjibu kwa heshima zote kwamba sisi hatuna taka. Yule bwana akautazama uwanja, akazunguka nyumba, akakubali. Akawaambia majirani waje wajifunze kwetu. Mama aliringa juma zima.

Kinyungu chetu ndicho kilichotulisha miezi ile ambayo mahindi ya juu bado machanga na ghala limebaki na mapanya tu. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwati, miti inayobanduliwa magome ya kutengenezea ngozi, karibu na Njombe, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Chakula kilikuwa cha mama, na mama alilima kwa miguu yake kama alivyolima kwa mikono. Simaanishi kwamba alipiga mateke. Namaanisha alitembea pekupeku kwenye matuta, polepole, akikanyaga kwa kisigino, kisha akasimama ghafla na kusema, "Hapa maji yamezidi. Lete jembe." Tulichimba mfereji pale aliposimama, na maji kweli yalitoka. Majirani walimwita aje akanyage na vya kwao. Mimi, binti yake mkubwa, nilijaribu mara nyingi kukanyaga kama yeye, nikaambulia baridi ya vidole.

Sasa, kwenye njia panda ya Makambako malori yalikuwa yameanza kuwa mengi. Yalitoka pande zote, yakasimama hapo madereva wanywe chai na mataniboi, wasaidizi wao, wapoze injini. Palikuwa na mgahawa mmoja wa mabati, mali ya Mkinga mmoja kutoka Makete, mtu mpole mwenye koti refu ambalo nadhani alilala nalo. Mgahawani kwake ndipo tulipoona kwa mara ya kwanza makopo mengi kwa pamoja: ya maziwa, ya samaki, ya nyama. Na chupa. Usifikiri tuliyaona kuwa uchafu. Kopo lilikuwa chombo. Lilikuwa kikombe, kata ya maji, kipimo cha ulezi, taa ya koroboi. Yule Mkinga aliwagawia kina mama makopo matupu bila bei, nao walimshukuru kwa kupiga magoti. Mwanamke aliyerudi kutoka barabarani na kopo jipya alilibeba kwa namna ya kuonekana.

Letu la kwanza halikutoka mgahawani. Baba alilileta Krismasi moja, kopo la jamu, akaliweka mezani akasimama kando mikono nyuma, akisubiri kusifiwa. Jamu iliisha siku hiyo hiyo. Kopo lilidumu. Lilikuwa kikombe cha baba, kisha kata ya mtungini, kisha mama akachukua msumari akalitoboa matundu kitakoni, likawa la kunyunyizia miche ya kabichi. Lilipoliwa na kutu na kupasuka ukingo, sikumwona akilitupa. Wala hakulitupa, ukimuuliza yeye. Alilifagia tu.

Ilikuwa katikati ya kiangazi, baridi kali, na mama alikuwa akifungua matuta mapya. Nilikuwa nyuma yake nikivunja mabonge. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno, basi. Hakupiga kelele. Akaketi juu ya tuta, akanyanyua mguu wa kulia, na chini ya unyayo, kutoka kisiginoni hadi katikati, nyama ilikuwa wazi. Pale alipokuwa amekanyaga kulikuwa na kitu kimejaa tope, ukingo wake mkali umetazama juu. Nilikichomoa nikakitupa kando kwa hasira. Mama alifunga mguu kwa kitambaa cha kichwani akaniambia nimalize tuta kwanza.

Tuta nililimaliza. Baada ya siku chache mguu ulivimba hadi gotini, ngozi ikang'aa, na mama ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana alikuwa amegeukia ukutani. Niliogopa hofu ambayo hata sasa naikumbuka. Yule Mkinga wa mgahawa ndiye aliyesimamisha lori la kwenda Njombe. Akamwambia dereva, "Huyu mama akifia hapa, chai yangu usinywe tena." Tulimpandisha mama juu ya magunia, na mimi nikakaa nimeshika kichwa chake mapajani njia yote.

Dresa wa zahanati ya misheni alikuwa mzee mwenye mikono mikavu. Alipoufungua mguu alisema nami badala ya mama, nikajua ni mbaya. Alisema atajaribu kuuokoa, na kwamba akishindwa utakwenda hospitali kukatwa, tusije tukamlaumu. Aliuosha, akautoboa, akaufunga dawa, asubuhi na jioni. Baba alikuja kutoka kwenye miwati akiwa ananuka magome, akakaa kando ya kitanda bila kujua pa kuweka mikono. Mama alimuuliza jambo moja tu: nani anamwagilia kinyungu.

Mguu ulipona. Naandika upesi, lakini ulipona polepole, na tuliporudi Makambako nyasi zilikuwa nyeupe kwa ukame na majirani walikuwa wameshaanza kupanda. Dresa alikuwa amemwagiza baba amnunulie mama katambuga, vile viatu vya tairi la gari, na akamwambia mama kwa ukali kwamba asiingie tena kwenye tope miguu mitupu. Kovu lile halingestahimili mara ya pili.

Asubuhi ya kwanza mama alivaa katambuga akashuka bondeni. Alisimama kwenye ukingo wa kinyungu. Akaingia hatua mbili tatu. Tope likashika tairi, akauvuta mguu, kamba ikakatika. Akairudishia, akaenda tena. Alisimama katikati ya matuta kwa muda mrefu. Nikamuuliza maji yakoje. "Sijui," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo mahali pale. Nikamwambia basi avue kidogo tu, hapo mbele pana udongo laini. Akanigeukia, na nikaona kwamba mama yangu, aliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko, alikuwa anaogopa bustani yake mwenyewe.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Sijui kuna nini humo chini."

Tulirudi nyumbani bila kupanda. Na kama tusingepanda, masika yangetukuta hatuna kitu. Hilo tulilijua wote wawili, hatukuhitaji kulisema.

Hofu ya mama haikukaa sana bila kugeuka hasira. Alinituma nikalitafute lile kopo nililolichomoa. Nililikuta pale pale nilipolitupa, limekaukiwa na tope hadi ndani. Mama akalifunga kwenye jani la mgomba, akajitanda kanga, akashika njia ya mgahawani, akichechemea, huku akifanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti. Alikuwa amemaliza hesabu: makopo yanatoka kwa Mkinga, mataniboi wanayarusha ovyo, mvua inayasomba, yanaingia kinyungu chake. Nilimfuata nikiyakubali yote. Tena niliongeza ya kwangu.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Mama alisimama mlangoni.

"Kamwene," alisema, maana hata ukienda kugombana, kusalimia lazima.

"Kamwene, mama," walijibu. Mkinga alifurahi kumwona amesimama wima, akaanza kumfutia kiti. Mama hakukaa. Alimshukuru kwa lile lori, kisha akamwambia kwamba shukrani imekwisha, sasa linakuja jambo la pili. Akafungua jani, akalibamiza lile kopo mezani mbele ya madereva.

"Hiki ndicho kilichonikata! Hizi ndizo zawadi zenu za barabarani! Tazameni vizuri!"

Wakatazama. Kwa kule kubamizwa, bonge la tope lilikuwa limechomoka zima zima. Mama alilinyanyua kopo juu, kitako kikielekea dirishani, na mwanga ukapita kwenye matundu ya msumari, yamepangwa duara, moja katikati.

Niliyajua matundu yale. Nilimshikia kopo siku alipoyatoboa. Nilimtazama mama, na nikaona kwamba na yeye ameshayaona. Hakuna mwingine mgahawani aliyejua. Angeweza kulirudisha kwenye jani, akamaliza maneno yake, akaondoka mshindi, na ningemtetea hadi leo.

Mkono wake ulishuka. Akavuta kile kiti, akakaa.

"Hili ni langu," akasema. "La miche ya kabichi. Nimelipeleka kinyungu mwenyewe, pamoja na majivu."

Taniboi mmoja akacheka, na mwenye mgahawa akamtazama hadi kicheko kikarudi tumboni. Kisha akammiminia mama chai, akaketi mbele yake kwenye benchi.

"Mama," akasema, "hata na mimi nilidhani nawasaidia. Nawapa makopo, nasema angalau hayazagai hapa kwangu. Yakishatoboka mnayapeleka wapi?"

"Tunakopeleka kila kitu," mama akajibu. Na hapo akakisikia alichokisema. Kila nyumba. Kila kapu. Kila kopo aliloliona likibebwa kutoka barabarani kwa maringo, miaka yote ile. Bonde zima.

Nimefikiri sana juu ya siku hiyo. Hatukuwa wachafu, na hatukuwa wajinga. Tulikuwa na desturi nzuri iliyofaa kwa vitu vya zamani, vitu vinavyooza. Ndipo vikaja vitu visivyooza, na sisi tukavikaribisha kwenye desturi ile ile bila kuviuliza vimetoka wapi na vitakwenda wapi. Wala hatukuchelewa kujua kwa kukosa akili. Kutu inafanya kazi kimya, na udongo unaficha.

Mama hakunipa nafasi ya kufikiri namna hiyo siku ile. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshaamua kuita mgowe.

Mgowe ni kazi ya kualikana. Mwenye shamba anapika, anaalika, watu wanakuja na majembe, wanalima wakiimba, wanakunywa, kesho zamu ya mwingine. Mama alipita nyumba hadi nyumba akialika, na kila mlangoni alisema watu waje bila majembe. Waje na makapu na fimbo za mianzi zilizochongwa ncha. Watu walimwangalia. Mgowe usio na majembe? Wanaume wakaupa jina, mgowe wa kuokota makopo, wakauliza kama kutakuwa na pombe kweli au hiyo nayo ataiokota. Mama, Mlutheri wa kupindukia, alipika togwa isiyolevya. Walilalamika wakaja.

Walikuja kwa kumwonea huruma, nadhani. Mama aliwapanga mstari mmoja, bega kwa bega, kila mtu achome fimbo kwenye tuta mbele yake kabla ya kupeleka mkono. Mwanzo kulikuwa na utani mwingi. Kisha fimbo moja ikalia "ki!" chini ya udongo. Halafu nyingine. Shingo ya chupa. Kifuniko. Kipande cha waya. Kopo la samaki limekunjika kama mdomo. Tulipofika mpakani, fimbo ziliendelea kulia upande wa pili, kwa jirani, ambaye alikuwa amesimama pale pale na watoto wake wawili wanaochezea kijitoni. Mwanamke yule aliwaita watoto watoke majini. Aliwaita kwa sauti ndogo, lakini utani uliisha.

Jioni hakuna aliyeuliza pombe. Waliuliza zamu ya kesho ni ya nani. Mgowe ulizunguka bonde lote, kinyungu hadi kinyungu, na mzee mmoja aliyekuwa amekataa kuja, akisema kinyungu chake ni kisafi tangu baba yake, ndiye aliyetoa kapu zito kuliko yote. Tulimtania hadi akacheka mwenyewe.

Vyote vile vilihitaji pa kwenda. Mkinga alitoa mahali nyuma ya mgahawa, mwinuko mkavu, mbali na kijito, na mataniboi waliokuwa wanangojea lori litengenezwe wakachimba shimo refu kuliko mtu, kwa malipo ya mandazi. Makopo mazima yalitengwa. Fundi wa koroboi alianza kuyafuata mwenyewe. Yaliyoliwa na kutu yalipondwa, yakaingia shimoni pamoja na vipande vya chupa. Maganda ya miwa na ndizi yalirudi bondeni, kwa sababu hayo ni chakula cha udongo na mama hakutaka kuyasikia yakiitwa taka. Mlangoni mwa mgahawa Mkinga akaning'iniza tenga. Dereva akitupa chupa nje, taniboi wake aliifuata, la sivyo wote wawili walikunywa maji badala ya chai. Walinuna wiki za kwanza. Halafu nikawasikia wakiwafokea wageni kutoka malori ya mbali, "Hapa Makambako hatutupi hivyo!" kama vile wamezaliwa hapo.

Nyumbani, mama aliweka makapu mawili nyuma ya jiko. Aliyekosea kapu alikula mwisho. Baba aliposikia kisa cha kopo la jamu alihuzunika, akasema basi hataleta jamu tena. Tulimpinga wote kwa sauti moja.

Lakini mama bado alivaa katambuga. Tulichoma fimbo kinyungu chetu mara ya pili, na ya tatu, bila kusikia kitu. Bado alisimama ukingoni akinielekeza mimi, nami nilipanda kwa kubahatisha, huku nikimwona anavyouma midomo kila nilipokosea. Tulikuwa tumeliokoa bonde, na mwenye bonde alikuwa nje. Niliumia kuliko nilivyoumia zahanati.

Siku ya kumalizia kupanda njegere, jirani yule wa mpakani alikuwa kwake akifanya kazi, na mtoto wake mdogo akatoroka akaingia kwetu mbio, pekupeku, akiruka tuta hadi tuta akifuata panzi. Mama alifumbua mdomo kumkemea. Hakukemea. Alimtazama mtoto akikimbia hadi kijitoni, akigeuka, akirudi, nyayo zake nyeusi kwa tope na nzima.

Mama akaketi ukingoni. Akafungua kamba ya kushoto, kisha ya kulia. Niliacha kupanda. Jirani naye aliacha. Mama akasimama, akauweka mguu mzima kwanza, akafuata ule wenye kovu, na uso wake ulikunjamana kwa ile baridi. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Alipita tuta la kwanza, la pili, akafika pale alipokatwa, nami nilikuwa nimeshika mbegu kwa nguvu hata zikanichoma kiganjani. Pale akasimama. Akabonyeza kisigino, kile cha kovu, mara moja, na mara ya pili kwa nguvu zaidi, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza.

"Hapa maji yamezidi," akasema. "Mbona unalia? Lete jembe."